Bundi Aliyepewa Kazi ya Shemeji

Shemeji yangu alikuwa mtega panya. Nalisema wazi sasa kwa sababu kwa miaka kumi na moja sikulisema kabisa. Mimi nilikuwa karani wa ofisi katika ghala lilelile, nina kiti kinachozunguka, nina muhuri, nina funguo za kabati la karatasi, na mtu aliyemwoa mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa akipita chini ya dirisha langu kila asubuhi na ndoo ya panya waliokufa. Ungekuwa wewe ungesema?

Siku alipoanza kazi nilimwita pembeni, nyuma ya mizani. "Shemeji," nikamwambia, "hapa kazini niite Bi Karani. Ya nyumbani tuyaache nyumbani."

Akavua kofia. "Sawa, Bi Karani."

Hakuwahi kukosea hata mara moja. Jumapili nikienda kwao alitoka mpaka mlangoni, "Karibu, shemeji, karibu ndani," na Jumatatu alinipita uwanjani kofia mkononi, kama mtu ambaye hatujawahi kunywa naye chai. Niliona ana adabu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Wenzake walimwita Mitego. Alikuwa mtu mrefu, mzito wa maneno, mwenye mikono mikubwa ambayo hukuweza kuamini ingeshika kitu kidogo kuliko jembe. Alikuwa na mitego sitini ya chuma, kila mmoja una namba yake kwa rangi nyeupe. Magunia yetu ya mahindi na ya mbegu yalipangwa juu ya chaga za mbao ili yasiguse sakafu, na Mitego alilala kifudifudi kuitega mitego yake chini ya zile chaga, kando ya ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiupapasa ukuta kwa masharubu. Chambo chake kilikuwa siagi ya karanga, kiasi cha kucha ya kidole kidogo. Hayo alinieleza bila kuulizwa, siku moja alipokuja kusaini kupokea sabuni, na mimi niliitikia "ehee" huku nikichapa.

Halafu kulikuwa na bundi. Juu ya mlango wa nne, penye boriti ya paa, aliishi bundi mwenye uso mweupe, na chini ya boriti hiyo sakafu ilijaa vitonge vyeusi, kila kimoja kama kidole gumba. Bundi humeza windo zima. Nyama inabaki tumboni, na manyoya na mifupa anayatapika yakiwa yameshikamana. Mtu mwenye akili zake anafagia uchafu huo na kuutupa. Shemeji yangu aliuokota. Kila Jumatatu aliviloweka vitonge vya wiki nzima katika bakuli la bati, akavifungua kwa kibano, akatoa mafuvu na mifupa, akavipanga kwenye visanduku vya kiberiti, kisanduku kimoja kwa kila mwezi. Akimaliza aliandika katika daftari la shule lenye jalada la bluu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Meneja, na hilo nalo lilikuwa likiniudhi.

"Unatafuta nini humo?" nilimuuliza siku moja. Nilikuwa nimepita tu, nimeziba pua kwa leso.

"Naangalia anakula nini."

"Si panya? Bundi anakula nini kingine?"

Akanifungulia visanduku. Cha kiangazi kilijaa mafuvu ya panya, meno yao ya mbele ya rangi ya chungwa. Cha mwezi wa mvua kilikuwa na fuvu moja tu, na lililobaki lote ni miguu ya panzi, vichwa vya kumbikumbi na mifupa ya vyura myembamba kama uzi. Katika kisanduku cha wakati wa mavuno kulikuwa na midomo midogo ya wale ndege wanaovamia mashamba kwa makundi. Kilichofuata, panya tena.

"Bundi hana mapenzi na panya, Bi Karani. Ana njaa tu," akasema. "Kiangazi uwanja uko mweupe, panya akivuka kwenda shambani anaonekana. Mvua ikinyesha majani yanafika magotini, panya anapita chini kwa chini. Sasa bundi ahangaike naye ya nini, na kumbikumbi wanamwagika kwenye taa za geti? Wote wako hivyo. Wale mwewe wa jalalani, watu wakianza kuchoma mashamba huwaoni tena pale. Wanafuata moto, wanadaka panzi wanaokimbia."

"Kwa hiyo mvua ikinyesha panya wetu anawala nani?"

"Hawaliwi. Nawatega mimi."

Nilicheka. Niliona ni majivuno ya mtu asiye na kitu kingine cha kujivunia. Nikarudi kwenye kiti changu.

Sasa nije kwa Meneja. Huyu aliletwa kutoka makao makuu, kijana wa shati la kunyooshwa na kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuweza kukuomba hata glasi ya maji bila kutaja takwimu. Wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Takwimu kabla hajamaliza wiki. Alikuwa anatafuta jambo la kumpandisha cheo, na kiangazi kile alilipata juu ya mlango wa nne.

Alikuja na glavu na kijiti. Akachokoa vitonge kumi, siku moja, saa nne asubuhi, katikati ya kiangazi. Vyote kumi vilikuwa na mafuvu ya panya. Akahesabu mafuvu, akazidisha kwa siku za mwaka, akapata panya wengi kiasi cha kumtoa jasho la furaha. Siku mbili tatu baadaye nilikuwa nachapa pendekezo la kurasa tisa kwamba ghala letu lina mdhibiti wa panya wa asili, hodari, asiyeugua wala kuomba likizo, na kwa hiyo hakuna haja ya mtega panya.

Makao makuu wakafurahi. Watu wa makao makuu hawajawahi kumwona bundi ila kwenye picha, na hata hiyo wameiona kwa haraka. Bwana Takwimu naye akachapisha picha ya bundi wetu kwa rangi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo, mahali pa mfanyakazi bora wa mwezi. Usidhani natia chumvi. Mimi ndiye niliyemtafutia pini.

Barua ya kumwachisha kazi shemeji yangu niliichapa mwenyewe. "Kutokana na kupatikana kwa huduma mbadala." Niliichapa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nafasi za pembeni hazikulingana. Ndivyo nilivyokuwa. Mume wa mdogo wangu anamwagiwa unga, na mimi nahangaika na pembeni mwa karatasi.

Habari zilikwisha kumfikia, kwani katika ghala ukuta nao unasikia. Mchana huo, kabla barua haijasainiwa, alikuja dirishani kwangu na lile daftari la bluu.

"Bi Karani, naomba umpe Meneja asome kabla hajasaini. Kurasa mbili tu, nimezikunja pembe. Moja inaonyesha mvua, anavyowaacha panya. Nyingine inaonyesha majani yakikauka, anavyowarudia. Akishasoma, afanye anavyotaka."

"Si umpelekee mwenyewe?"

"Nimekwenda mara tatu. Ananiambia niongee na bundi."

Nilisema nitampa. Daftari lilikuwa na harufu ya ghala, harufu ya pumba na panya. Nililishika kwa ncha za vidole, nikawaza: nikiingia nalo, Bwana Takwimu ataniuliza linanihusu nini. Nitamjibu nini? Kwamba mtu wa ndoo ni shemeji yangu? Kwamba mimi, mwenye muhuri, nikienda kula wali kwa mdogo wangu napakuliwa na mikono iliyofungua matapishi ya bundi? Nikaliweka kwenye droo ya chini, chini ya boksi la pini. Nilijiambia nitampa kesho. Barua ilisainiwa saa tisa alasiri hiyohiyo, na muhuri nikaupiga mimi.

Mitego alirudisha mitego sitini, yote imesuguliwa, imepakwa mafuta. Hakuniuliza kuhusu daftari. Alinitazama usoni mara moja tu, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Mdogo wangu ni fundi cherehani, ana kibanda cha mlango mmoja na mashine mbili. Mumewe akaanza kukaa humo, anashona vifungo. Nilipita siku moja nikamkuta ameinama juu ya blauzi ya mtoto wa shule, sindano imepotea kabisa kati ya vidole vyake. Kwa mdogo wangu vifungo havikuwa mzaha. Watoto watatu walikuwa wanasoma, na mashine moja ilikuwa imekufa. "Dada," aliniambia, "wewe uko jirani na Meneja. Neno lako moja tu." Nikamwambia mambo ya ofisi yana utaratibu wake.

Halafu mvua ikanyesha.

Majani ya uwanjani yakaota mpaka yakafika magotini, kama alivyosema. Kumbikumbi wakamwagika kwenye taa za geti, na mlinzi akawa anatuhadithia kila asubuhi jinsi mfanyakazi bora wa mwezi anavyowadaka mmoja mmoja, anaruka, anarudi kwenye nguzo, anaruka tena, kama mtu anayekula njugu. Kwenye mtaro alionekana na chura mdomoni. Alinenepa. Na ndani ya ghala, chini ya chaga, ambako sasa hakuna mtu aliyelala kifudifudi, panya walizaa, watoto wao wakazaa, na wajukuu wakahamia kwenye mbegu.

Wakulima wakaanza kurudisha magunia. Mzee mmoja alimwaga la kwake mbele ya mlango wa ofisi, na kilichotoka kilikuwa maganda na vinyesi. "Hizi ndizo mbegu zenu?" akauliza, kwa upole ambao ulitisha kuliko matusi. Nami siku moja nilikaa kwenye kiti changu kinachozunguka nikasikia kitu kinahema chini ya makalio yangu. Panya alikuwa ametoboa godoro la kiti na kuzalia humo. Wenzangu walicheka wiki nzima.

Sasa mtu mwenye haya angesema nimekosea. Bwana Takwimu alitoka nje, akatazama boriti, akasema, "Huyu bundi amekuwa mvivu." Akaibandua picha kwenye ubao. Akaniamuru niandike kwa makao makuu kwamba utendaji wa bundi umeshuka, na nikaandika hivyo. Neno kwa neno, utendaji wa bundi. Makao makuu hawakuona ajabu yoyote. Wakajibu kwamba wameidhinisha sumu.

Sumu ilichukua miezi kufika, kwa kuwa ilipita kwa watu saba wa kusaini. Ilipofika, ndani ya ndoo za plastiki, punje za ngano zilizotiwa rangi ya bluu, mvua ilikuwa imekata na majani ya uwanjani yalikuwa yamekauka.

Jioni ile mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu, bado ana futi ya kupimia shingoni. Hakukaa.

"Mume wangu kasikia mnaweka sumu. Anasema msiiweke sasa. Panya akila hiyo hafi palepale, anayumba siku mbili tatu. Na bundi ndiyo anarudi kwa panya wakati huu. Anasema ameandika kwenye daftari. Anasema Meneja analo."

"Meneja ana mambo mengi," nikasema.

"Lakini alilisoma?"

"Nitamkumbusha."

Mdogo wangu ananijua tangu nilipokuwa namwibia sukari yake na kusema ni sisimizi. "Haya, dada," akasema, akaondoka.

Asubuhi yake niliifungua droo. Daftari lilikuwepo, chini ya boksi la pini. Kulitoa sasa kulikuwa kubaya kuliko mwanzo, maana lazima niulizwe lilikuwa wapi miezi yote hiyo. Naona haya kusema kwamba niliwaza kwa dakika kama tano tu. Kisha nikafunga droo na kwenda kutia sahihi ya kupokea ndoo za sumu.

Panya walikula. Siku ya tatu walianza kutoka mchana, wanatembea katikati ya uwanja kama walevi, na uwanja sasa ulikuwa mweupe. Bundi hakuhitaji hata kuwinda. Mlinzi alisema usiku mmoja alimwona amechukua wanne. Bwana Takwimu alifurahi sana, akasema mfanyakazi amerejea kazini, na akaniuliza kama ile picha niliitupa.

Siku ya tisa bundi alianguka. Alikutwa chini ya mlango wa nne, mabawa yamefunguka, damu kidogo puani. Wapakiaji hawakutaka kumgusa, kila mmoja ana sababu yake, na Bwana Takwimu aliyewahi kuchokoa vitonge vyake kwa kijiti akasema yeye ana mzio wa manyoya. Ikaonekana hakuna budi aitwe yule anayejua mambo hayo. Nikatumwa nimpigie simu mimi.

Shemeji alikuja na viatu vyake vya mpira. Alimwokota bundi kwa mikono miwili, akamfunga kwenye gunia safi, akamweka pembeni kivulini. Kisha akainama chini ya boriti, akaokota kitonge kimoja kilichokuwa bado kibichi. Akaja nacho ofisini. Bwana Takwimu alikuwa amesimama kando ya meza yangu, mikono mfukoni. Shemeji akatandika gazeti kuukuu mbele yangu, akatoa kibano mfukoni, akakifungua.

Mafuvu manne ya panya. Na manyoya yaliyoyashikilia yalikuwa na rangi ya bluu.

Bwana Takwimu aliyatazama. Sikuwahi kumwona amekosa namba ya kutaja. "Lakini kwa nini hakuna mtu aliyeniambia?" akauliza, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa anauliza kweli.

Shemeji akanigeukia mimi.

"Shemeji," akasema, "lile daftari langu."

Miaka kumi na moja hakuwahi kukosea, na hata siku hiyo hakukosea. Niliinama nikavuta droo ya chini, nikaondoa boksi la pini. Pembe za zile kurasa mbili zilikuwa bado zimekunjwa.

"Huyu ni shemeji yako?" Bwana Takwimu akauliza.

"Amemwoa mdogo wangu."

"Na hili lilikuwa humo tangu lini?"

"Tangu kabla hujasaini barua," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma lebo ya gunia.

Bwana Takwimu alisoma ukurasa wa kwanza uliokunjwa, kisha wa pili, akiwa amesimama. Alisoma polepole. Alipomaliza aliniangalia, na ile dharau niliyokuwa namtazama nayo mwaka mzima niliiona sasa imehamia kwenye macho yake, tena imemkaa vizuri kuliko mimi. Mtu yule, aliyempandisha cheo bundi na kumshusha, alinidharau mimi, na alikuwa na haki. Yeye hakujua. Akamgeukia shemeji, akamwambia arudi kazini, mitego yake iko stoo.

"Nitaanza Jumatatu," shemeji akasema. Hakukataa kwa majivuno. Ana watoto watatu.

Akaniomba kalamu. Akainama juu ya meza yangu, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaandika, Panya wanne, sumu. Akapiga mstari chini yake kwa ukingo wa kibano. Kisha akalifunga daftari na kunikabidhi.

"Weka palepale lilipokuwa, Bi Karani."

Nikaliweka.

Jumapili nilinunua mkate na sukari kilo mbili, nikaenda kwao. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, hata nimeyakariri. Nikabisha hodi. Alinifungulia mwenyewe, ana kifungo kimoja kati ya midomo na blauzi begani, kwa sababu hata sasa anamsaidia mkewe. Alikitoa kile kifungo mdomoni, akasogea kunipisha, kofia yake ikiwa mkononi ingawa alikuwa ndani ya nyumba yake.

"Karibu, Bi Karani," akasema.